Ukuta Unaosomwa kwa Miguu

Uvira, Kimanga, tarehe 5 Februari 2023

Shangazi yangu Uwizeye,

Amashongore! Najua hujanisalimu bado, lakini najua barua yako itakavyoanza, basi nimekujibu kabla. Unanitakia makundi ya ng'ombe, mimi ninayeishi vyumba viwili na kuku mmoja asiyetaga. Nimepokea hivyo hivyo.

Huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo kwa hii mvua, lakini hajaacha kuuza unga wa muhogo, na akipata mteja kikohozi kinakatika palepale. Anakusalimu sana na anauliza utashuka lini. Tangu tulipomzika baba hujakanyaga hapa kwetu. Siagi yako inafika, wewe hufiki.

Sasa habari yangu. Unajua ninafanya kazi kwa Bruno, yule wa fotokopi. Mwaka jana alinunua katoni ya karatasi kuukuu za kufungia bidhaa, na ndani nikakuta kitabu cha katuni cha Kijapani, zile wanazoziita manga. Hakina jalada. Herufi zake sijui hata moja. Lakini picha, shangazi! Ni habari za mtaa mmoja wa mjini huko kwao: kuna mzee anayepiga pasi juu ya paa, kuna bibi mwenye ugomvi na kunguru, kuna polisi anayeogopa paka. Nilicheka hadi Bruno akadhani naumwa. Kitu kimoja tu kilinisumbua, wenzetu wanaanza kusoma kulia na kwenda kushoto. Nimeshazoea.

Nikajiuliza, hawa wana nini ambacho sisi hatuna? Kwenye avenyu yetu yuko Ciza wa teksi-moto, ambaye pikipiki yake inalala kitandani na yeye analala chini. Yuko mama Olga, anayemwimbia bata wake kila siku wimbo wake. Yuko mzee Havyarimana, kiongozi wa kwaya, anayetembea na mwavuli hata mwezi wa saba jua likipasua mawe.

Basi nimeanza kuwachora. Unaukumbuka ule ukuta mrefu wa depo ya chumvi iliyofungwa, unaopanda kutoka upande wa ziwa hadi karibu na mlima? Kila Jumamosi nabandika hadithi moja kwa uji wa muhogo, karatasi kubwakubwa, bila neno hata moja, ili asiyejua kusoma naye acheke. Naanzia chini, upande wa ziwa, ambako ni mkono wangu wa kulia. Kama Wajapani.

Nimekuwekea fotokopi ya hadithi ya bata wa Olga. Mugabo mbeba mizigo amekubali kuzibeba pamoja na chumvi yako. Niambie umecheka.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Ikirezi


Bijombo, tarehe 24 Februari 2023

Ikirezi mwanangu,

Amashyo. Sasa nimesalimu, na hayo majibu yako ya haraka uyaweke mfukoni.

Sisi tunamshukuru Mungu. Nyasi ni nyingi. Yule ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe amezaa jike, na maziwa yanatosha. Mwambie mama yako anywe siagi ya moto kwa hicho kikohozi. Kushuka siwezi, goti langu linanisumbua, na wewe unajua njia ilivyo.

Kuhusu picha zako. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani, na sikukulea uwacheke watu wazima hadharani. Mtu mzima hachekwi ukutani. Picha inabaki pale hata wewe ukiwa umelala. Tena unamchora kiongozi wa kwaya akiiba bata! Kwanza mama wa watu anafurahi na bata wake, halafu mzee ananyoosha mkono uani, anatazama huku na huku, anamficha bata chini ya mwavuli, anakwenda kumsukumia mtaroni, na mwishoni yule mama analia na banda tupu. Hiyo ni habari ya kuchekesha? Hapa watu walisikitika sana.

Acha kabisa mchezo huo.

Na yule bata, alipatikana? Siulizi kwa ajili yangu. Ni akina mama wanaokuja kuchukua maziwa asubuhi, wananisumbua.

Shangazi yako,
Uwizeye


Uvira, tarehe 26 Machi 2023

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Mama amepona, siagi imefanya kazi. Mvua imekuwa kubwa, mawimbi yanafika hadi kwenye nyumba za chini, na Mugabo anasema njia yenu imekatika mara mbili, ndiyo maana barua yako nimeipata jana tu. Laiti ingefika mapema.

Bata alipatikana. Hakuibiwa hata kidogo. Umesoma ukianzia mwisho.

Nina shughuli ndogo na shefu wa avenyu, mzee Onesphore, si jambo la kukusumbua. Nimekuwekea hadithi ya Ciza na pikipiki yake. Ni ya zamani kidogo. Siku hizi sijachora.

Hongera kwa ndama.

Ikirezi


Bijombo, tarehe 20 Aprili 2023

Ikirezi,

Amashyo, ingawa hukustahili, maana barua gani ile? Hata haikujaza upande mmoja wa karatasi. Mtoto wa kaka yangu akiandika kifupi hivyo ujue ameficha kitu nyuma ya mlango. Baba yako alikuwa vilevile, akinyamaza tu tulijua amevunja chungu.

Nimembana Mugabo. Amenieleza yote. Anasema watoto wanamfuata yule mzee wa kwaya wakimlilia kama bata, anasema mzee amekushitaki kwa shefu, na ukuta unaweza kupakwa chokaa, na wewe kukatazwa kuchora mtu yeyote wa avenyu. Kwa nini nisikie habari za nyumba yangu kwa mbeba chumvi? Nimekasirika. Nimekasirika pia na huyo shefu, lakini wewe kwanza.

Sasa kaa chini nikueleze picha zako zimefanya nini huku, maana wewe unazituma kisha unatulia kama mtu aliyemwaga maji mlimani.

Mugabo alinyeshewa njiani. Alipofika upande wa pili wa bonde akaingia kwa jirani yangu Niyonsaba kukausha mzigo, akazianika karatasi zako karibu na moto, na alipoondoka akasahau nusu. Mimi nikaletewa nusu ya mwisho. Tunatazama: mwanamume amesimama mvuani, ndani ya nyumba yake mwenyewe paa linavuja, ameshika beseni juu ya kitanda, na kitandani kuna kitu kimefunikwa blanketi hadi juu. Karatasi inayofuata, bado ameshika beseni, mikono inatetemeka. Hakuna aliyecheka. Tulijua pale ni mgonjwa. Akina mama walitokwa na machozi kwa huruma ya mwanamume yule, na Jumapili tukamwombea mgonjwa wa Uvira, maombi marefu, watu wamepiga magoti.

Kesho yake namwona Niyonsaba anashuka kuelekea kijitoni. Unajua sisi hatusemeshani tangu dume lake lilipovuka kuja kwa ng'ombe wangu bila mtu kuniomba. Amesimama upande wake ana karatasi mkononi. Nikashuka na za kwangu, si kwa ajili yake, nilitaka kujua mgonjwa ni nani.

Akaniuliza kwa sauti: "Weye uko na mwisho?"

Nikamjibu: "Niko nayo. Weye uko na mwanzo?"

Akasema: "Minye niko na mwanzo, lakini sijue inaenda wapi."

Nikavuka. Tukazipanga juu ya jiwe, za kwake na za kwangu, na zilipokutana tukaona. Ni pikipiki! Kanisa zima limeombea pikipiki. Niyonsaba alikaa chini kwenye maji na sketi yake yote, na mimi ilibidi nishike mti. Sikusema nilicheka. Nilishika mti.

Sasa kila asubuhi ananiuliza kama barua imefika. Kwa hiyo usithubutu kuacha kuchora bila kunipa habari. Nilikwambia uache, lakini sikukwambia uachishwe.

Nijibu mara moja, na ujaze karatasi.

Shangazi yako


Uvira, tarehe 11 Juni 2023

Shangazi yangu,

Amashongore, amashongore, amashongore! Tafuta pa kukaa, na umwite mama Niyonsaba avuke kijito, hii muisome pamoja. Nitajaza karatasi hadi uombe msamaha.

Ni kweli nilikuficha. Niliona aibu. Nilitaka nikuandikie siku nikiwa nimeshinda, na siku hiyo ilichelewa.

Ilikuwa hivi. Ile hadithi ya bata ni ya kumsifu mzee Havyarimana. Olga analia banda tupu, mzee anamkuta bata mtaroni, anamfunika kwa mwavuli asilowe huku yeye akilowa na suti yake, anatazama huku na huku avuke barabara, anamrudisha juu ya ua, Olga anafurahi. Tuliokuwa chini, upande wa ziwa, tunapanda na ukuta huo, tuliiona vizuri. Lakini nusu ya avenyu inakaa juu, karibu na mlima. Wale asubuhi wanashuka kwenda sokoni, wanaanza na karatasi ya mwisho. Wakaona uliyoyaona wewe. Huku chini mzee anapigiwa makofi, huko juu akina mama wanaingiza kuku ndani akipita. Na yeye anakaa juu!

Nikabandika namba. Watu wa juu wakasema nimeziweka baadaye ili kumfunika mwizi.

Shefu Onesphore akatuita wote mbele ya ukuta. Mzee Havyarimana alikuja amevaa suti ileile, mwavuli mkononi, na sauti yake inayoimbisha kwaya nzima ilikuwa inatetemeka. "Minye naimbisha batu kanisani, leo hata soprano banaficha sahani zao! Mutoto huyu nilimukosea nini?"

Olga akaruka: "Bata yangu iko mu nyumba! Nani aliiba? Hakuna muntu aliiba!"

Na mtu mmoja wa juu akasema, kwa utulivu kabisa: "Mama, sisi tuliona na macho. Kwanza bata iko, nyuma bata haiko."

Kila upande ukapiga kelele, na kila upande ulikuwa umeona. Shefu akashika kichwa. Akasema jua likianza kukausha, mwanzo wa mwezi wa sita, ukuta utapakwa chokaa, na mimi sitachora tena mtu wa avenyu hii, isipokuwa kabla ya hapo nibandike kitu kitakachomrudishia mzee heshima yake mbele ya pande zote mbili. Nafasi moja tu.

Shangazi, sikulala vizuri. Si kwa ajili ya ukuta peke yake. Kuchora ndicho kitu pekee ninachojua kufanya ambacho watu wanakiona na kunitafuta. Fotokopi hata Bruno mwenyewe anaweza kubonyeza. Na mzee niliyetaka kumsifu nilimwona akipita njia ya nyuma ya nyumba, kichwa chini, mwavuli umefungwa. Nilichora, nikachana. Nikipanga kutoka chini, wa juu wataharibu. Nikipanga kutoka juu, wa chini wataharibu. Nilifikiri hata kwenda kuwaomba wa juu washuke kinyumenyume.

Halafu Mugabo akanipa barua yako. Nilisoma habari ya mgonjwa nikacheka peke yangu, Bruno akaja tena kunigusa paji la uso. Nilipofika pale kijitoni, wewe na mwisho, yeye na mwanzo, na karatasi zikikutana juu ya jiwe, niliacha kucheka. Niliisoma sehemu ile tena. Kisha nikafunga duka la Bruno bila ruhusa nikaenda kununua karatasi.

Kwa nini hadithi iwe na mwanzo mmoja? Watu wana mianzo miwili, wa chini na wa juu. Basi mwisho nikauweka katikati.

Jumamosi iliyopita nilibandika alfajiri, nikafunika kwa turubai. Avenyu nzima ilijipanga, wa chini chini, wa juu juu, utadhani ni mpira. Chokaa ilikuwa tayari kwenye ndoo, shefu ameisimamia. Bruno akavuta turubai.

Kutoka upande wa ziwa, Olga anatoka kwake na bata kwapani, amevaa kitenge chake cha sherehe, anapanda kwenda kumshukuru mzee. Mvua inaanza. Anateleza, anainuka, anamfuta bata kwanza ndipo anajifuta yeye. Kutoka upande wa mlima, mzee Havyarimana anatoka kwake na mwavuli, anashuka kwenda kumjulia hali bata. Upepo unampindua mwavuli, anausemesha kama mwanakwaya aliyechelewa, anaendelea. Watu wakawa wanatembea na ukuta, hawa wanapanda na Olga, hawa wanashuka na mzee, macho ukutani, hakuna anayeangalia mbele. Nilisikia kicheko chini. Nilisikia kicheko juu. Kikawa kinasogea, kinasogea, hadi wakagongana katikati, paji kwa paji, kikapu kwa kikapu, pale kwenye karatasi kubwa kuliko zote.

Katika ile karatasi mvua inanyesha sana. Bata amesimama katikati ya barabara chini ya mwavuli, mkavu kabisa, ametulia kama mheshimiwa. Na Olga na mzee wako nje, mmoja huku na mmoja huku, wamelowa chapachapa, wanamshikia. Madirishani avenyu nzima inacheka, Ciza amefungua dirisha moja na pikipiki yake imefungua la pili.

Wa mbele kabisa kutoka juu alikuwa mzee Havyarimana mwenyewe. Wa mbele kutoka chini alikuwa Olga, na bata halisi kwapani, maana hamwachi siku hizi. Wakatazamana.

Mzee akaitazama picha muda mrefu. Akamtazama bata. Jua lilikuwa linachoma, wingu hata moja hakuna. Akakohoa kama anavyofanya kabla ya kwaya kuanza, akafungua mwavuli wake polepole, akaunyoosha juu ya bata.

Shangazi, ungesikia ile kelele! Nadhani walisikia hadi bandari ya Kalundu. Wa juu walimbeba mzee, kweli walimbeba mabegani, na mwavuli wake umefunguka, wakateremka naye hadi ziwani, na wa chini wakawapokea, kisha wakapanda naye tena. Yule mtu wa kwanza-bata-iko alikuja kunishika mkono, akaniambia: "Sasa minye naona. Ulikuwa unatukosesha mwanzo ku pande yetu." Nililia mbele za watu, sikujali.

Shefu alimwita Ciza, akamwambia aondoe ile ndoo ya chokaa. Akasema ukuta ni wangu, na mtu atakayeugusa ataonana naye. Kisha akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Lakini weye, batu bote uko nabo ku ukuta. Na shefu? Shefu haiko muntu?"

Tangu siku hiyo sina amani. Wanakuja kwa Bruno kushitaki kwamba sijawachora. Bruno ameninunulia rangi. Mzee Havyarimana anapita mara nne kwa siku, akipanda na akishuka, mwavuli juu.

Niliposimama pale nilimfikiria baba. Alivyokuwa akiwaigiza majirani mlangoni kwetu hadi wenyewe wanakuja kuomba awaigize. Nilitamani awepo. Nilitamani uwepo wewe.

Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote: goti lililovuka kijito kwa ajili ya nusu ya katuni, linashindwa nini kushuka Uvira?

Mtoto wako mshindi,
Ikirezi


Bijombo, tarehe 25 Juni 2023

Ikirezi mwanangu, mwenye ukuta,

Amashyo, na safari hii nakutakia kwa moyo wote. Yule ndama wa ng'ombe mwenye paji jeupe nimekupa. Ni wako. Atakaa kwangu kwa sababu huko utamlaza kitandani.

Barua yako imesomwa mbele ya watu, mara nyingi, hadi imechanika kwenye mikunjo. Niyonsaba ameisoma sehemu ya mwavuli, mimi nimesoma zilizobaki. Watoto huku wanacheza Olga na mzee, na bata ni mbuzi wangu.

Umeniuliza juu ya goti. Goti langu ni zima. Nilikudanganya, na Mungu amenisikia kila mara nikiandika. Sikushuka kwa sababu niliogopa kuingia katika nyumba ile na kaka yangu asiwe mlangoni akinikaribisha kwa kuniigiza mwendo wangu. Nilidhani kicheko chetu tulikizika pamoja naye. Sasa naona hakikuzikwa, kiko ukutani, na avenyu nzima inakisoma.

Nilicheka, Ikirezi. Hata kwa bata nilicheka, kabla sijakuandikia yale maneno makali. Hilo nimeliandika, Niyonsaba ni shahidi.

Mwambie mama yako atandike mikeka miwili, maana Niyonsaba naye anakuja, na anataka kuchorwa. Mimi sitaki kuchorwa. Ukinichora, unichore na kitambaa cha bluu.

Tutashuka kwa miguu na Mugabo, kwa hiyo tutaingia kwa upande wa mlima na kuusoma ukuta tukitokea juu. Wewe usinisubiri nyumbani. Anza chini, upande wa ziwa, ukipanda polepole. Tutakutana katikati.

Shangazi yako,
Uwizeye